Cheti cha kuchelewa, ubatizo, viapo au DNA: kipi kina nguvu kwenye I-130 ya mama?

Msafiri79: Habari wadau. Niko Marekani, uraia nimeshapata, sasa nataka kumfailia mama I-130, ile fomu ya raia kumwombea ndugu wa karibu ukaazi wa Marekani. Nimezaliwa nyumbani kijijini 1979, cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa vizazi na vifo Tanzania, nimekuja kukatiwa 2014 nilipokuwa natafuta pasipoti, yaani miaka 35 baadaye. Nasikia cheti cha hivyo kinaleta maswali. Nipeleke hicho hicho, nihangaike na rekodi ya ubatizo na viapo vya mashahidi, au nipime DNA tu yaishe? Mama ana miaka 71 jamani.

DadaWaMwanza: Kaka usipeleke cheti peke yake. Mimi nilipeleka hivyo, wakaniletea RFE, ile barua ya kudai ushahidi zaidi, siku 84 na hawaongezi, unaziona nyingi mpaka uanze kumtafuta katekista kwa simu isiyoshika mtandao. Mdogo wangu alienda parokiani, kitabu kimeliwa na mchwa pembeni ila jina langu na majina ya wazazi wote wawili yanasomeka, padre akanakili akagonga muhuri. Kilichonibeba ni tarehe, maelekezo ya fomu yanataka uwe umebatizwa ndani ya miezi 2 tangu kuzaliwa. Kama ulibatizwa mkubwa tafuta rekodi ya shule yako ya kwanza, yenye tarehe ya kuandikishwa, umri na majina ya wazazi.

MzeeWaTanga: Sisi Waislamu ubatizo hatuna, na rejista ya shule ilishapotea, nikabaki na viapo. Wanaapa watu 2 waliokuwa hai wakati unazaliwa na wanaojua wenyewe habari hiyo, si lazima wawe raia wa Marekani. Cha kwanza cha mjomba kilichapwa steshenari, mstari mmoja, "namfahamu huyu ni mtoto wa fulani", hakina maana kabisa. Tukakiandika upya: alikuwa na miaka 14, akatumwa usiku na taa ya chemli kumwita mkunga, asubuhi akaambiwa ni mtoto wa kiume. Aseme anajuaje, hapo ndipo penye uzito.

BukavuKentucky: Sisi wa Kongo akti, yaani vyeti vya kuzaliwa, zilibakia kwenye vita. Nilifail I-730 ya mke na watoto, ile fomu ya mkimbizi kuita familia yake, una miaka 2 tu tangu kuingia Marekani, kwa hiyo sikungoja karatasi zote. DNA tulipima walipoiomba. Ndugu usitangulie kupima mwenyewe, maabara iwe na kibali cha AABB, shirika la Marekani linaloidhinisha maabara, na yenyewe ndiyo inatuma vifaa ubalozini, mama anachukuliwa sampuli huko huko. Ukijipimia pembeni utalipa mara mbili.

Msafiri79: Asanteni sana. Nilibatizwa na miaka 4, basi naanza na shule na viapo, nitavifunga pamoja na cheti, DNA ingoje. Ila kwenye cheti changu mama ana jina la nyumbani, pasipoti yake ina la ubatizo.

DadaWaMwanza: Yaandike yote mawili kwenye fomu, pale pa majina mengine, na mama aape kwa wakili kwamba ni mtu mmoja. Za Kiswahili zitafsiriwe zote, mtafsiri aweke sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili, notari si lazima. Na akitokea mtu wa kukutengenezea cheti "cha 1979" mkimbie kaka, karatasi feki inaweza kumfungia mama mlango moja kwa moja. Kijijini bado yupo aliyekuwepo siku hiyo?

Msafiri79: Shangazi yupo, ana 80 na kitu. Nampigia leo jioni.