Dola 5 kwa kila mtoto ili afundishwe kwamba bundi ni ndege wa wachawi. Wazazi wa Lubumbashi, tunalipia nini?

Wandugu wazazi, leo naandika kwa hasira, mnivumilie. Shule sitaitaja, na wale jamaa wa wanyama sitawataja, maana sitafuti kesi na mtu. Natafuta wazazi wenzangu, kwa sababu nasikia kipindi hiki cha kuonesha wanyama kinazungushwa shule baada ya shule, na wengi mnalipa bila kujua watoto wanakwenda kuambiwa nini.

Tuliandikiwa kwenye daftari la mawasiliano kwamba madarasa ya tatu, ya nne na ya tano yatakwenda ziara ya masomo: "somo la wanyama, watoto watawaona na kuwagusa." Dola 5 kwa mtoto, basi ndani yake. Nani angekataa? Watoto wetu wanasoma wanyama kwa chaki, wanakariri Kifaransa cha mamalia na reptilia bila kumwona mnyama mwingine zaidi ya mbuzi wa jirani. Nikalipa, na nikajitolea kuwa mmoja wa wamama wa kusindikiza. Afadhali nilikwenda, kwani ningesimuliwa nisingeamini.

Tuanze na bundi, maana hapo ndipo damu ilinichemka. Alikuwa amefungwa mguu kwa kamba kwenye kigogo, juani, saa tano mchana, macho nusu yamefumba. Madarasa yote matatu yamekusanywa mbele yake kwa pamoja. Yule bwana wa mikrofoni akamnyooshea kidole: "Huyu ndege ni ya balozi (yaani wachawi). Usiku banamutumaka. Mukimusikia juu ya nyumba, mujue kuna mutu atakufa." Watoto wakapiga mayowe. Mwalimu akacheka. Akacheka!

Katika mji huu! Hapa ambapo mtoto akikojoa kitandani, au baba mdogo akifukuzwa kazi, linatafutwa jina la mtoto wa kubebeshwa. Watoto wangapi tunawaona wanalala sokoni kwa sababu nyumbani waliambiwa wana bulozi, yaani uchawi, wakapelekwa kwenye chumba cha maombi, wakalazimishwa kufunga kula, mwisho wakafukuzwa? Sheria ya kumlinda mtoto ya 2009 imefanya kumsingizia mtoto uchawi kuwa kosa la kuadhibiwa. Halafu mtu analipwa pesa yangu kupanda mbegu ileile kwa mikrofoni, na anaiita elimu. Katika darasa la mwanangu kuna binti mmoja ambaye bundi hulia kwenye mwembe wa kwao. Kila mtu anajua, aliwahi kusimulia mwenyewe. Wenzake walimgeukia palepale wakamtazama. Ndani ya basi hakuna aliyetaka kukaa naye kiti kimoja. Mimi ndiye niliyekaa naye.

Na ukweli wa bundi ni mtamu kuliko hayo yote! Yule mweupe wa usoni, anayezaa kwenye madari na minara ya makanisa, kazi yake ya usiku ni panya. Anaruka kimya kwa sababu ukingo wa manyoya ya mabawa yake ni laini, hewa haipigi kelele. Anasikia panya ndani ya majani gizani, anammeza mzima, kisha anatema donge la manyoya na mifupa. Ukilipasua donge hilo kwa kijiti unakuta mafuvu madogo, meno na mbavu, na mtoto anaweza kuhesabu mwenyewe ni panya wangapi walioliwa. Hilo ndilo somo. Halina gharama. Mama gani hapa hajatupa unga wa bukari (ugali) kwa sababu panya wametoboa gunia? Mtoto akijua nani anamla panya, hatamrushia bundi jiwe.

Baada ya hapo ikaja zamu ya chatu. Mdomo umezungushiwa skochi, ile ya kufungia maboksi. Mtoto mmoja akauliza, swali zuri kabisa: "Juu ya nini balimufunga kinywa?" Jibu: asiteme sumu. Kisha wakaanza kumvisha watoto shingoni kwa ajili ya picha, na picha inalipiwa kando, haimo kwenye zile dola 5. Sasa bwana, kama ana sumu, unamvishaje mtoto wa watu? Na kama hana, unatudanganyia nini? Chatu hana sumu. Anaua kwa kukaza. Mtu ambaye hajui hata hilo nani alimpa mikrofoni?

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nyoka si mchezo kwetu. Watu wanaumwa mashambani kila msimu wa mvua, na tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Watoto wote wale walikuwa wamekaa kimya, masikio wazi, wako tayari kupokea. Wangeambiwa tu: ukiumwa usichanje, usifyonze, usikaze kamba, usipoteze saa nzima ukisubiri jiwe jeusi livute sumu maana halivuti chochote, tulia, usitikise mguu, vua pete au bangili kabla hujavimba, upelekwe hospitali mara moja. Ingechukua dakika chache. Kati yao kuna ambaye siku moja angemwokoa bibi yake kijijini. Badala yake wamerudi na picha ya chatu mwenye skochi.

Kobe sitasema mengi. Watoto walipandishwa juu yake wasimame, "halisikii, ni jiwe." Gamba la kobe ni mbavu zake na uti wa mgongo. Anasikia.

Na tumbili. Mtoto wa tumbili, amevalishwa kigauni, kamba kiunoni, anapita mikono hadi mikono, wengine wanambusu. Mwanangu wa mwisho akaniambia: "Mama, na siye tufuge kamoja." Bila shaka! Umempa mnyama mwenye gauni, atataka nini kingine? Lakini hakuna aliyemweleza mama wa yule tumbili yuko wapi. Mtoto wa tumbili hashuki mwenyewe mgongoni mwa mama yake akaja kuvaa gauni. Mara nyingi mama anauawa kwanza. Katika mji huuhuu tuna kituo cha J.A.C.K., waliokuwa wanalea tangu 2006 sokwe wadogo walionyang'anywa wauzaji. (Hawa sio ninaowalalamikia, tuelewane.) Septemba 2022 wezi waliingia usiku wakaiba sokwe watoto watatu na kudai pesa ili wawarudishe. Tunaishi na biashara hiyo mlangoni, na kipindi cha elimu kinawatengenezea watoto wetu hamu ya kununua.

Tena baada ya tumbili, chatu na kobe, watoto wakaambiwa wafungue mikate yao wale. Maji ya kunawa? Hakuna. Sabuni? Hakuna. Mgonjwa wa kwanza wa mpox kuandikwa duniani alikuwa mtoto mchanga wa nchi hii, mwaka 1970. Agosti 2024 mpox ikatangazwa dharura ya dunia nzima, na kila redio ikawa inatuimbia kunawa mikono na kutogusa wanyama wa porini. Hata bila mpox, kobe na nyoka hubeba vijidudu vya salmonela, mtoto anahara siku kadhaa. Ndoo moja yenye bomba na kipande cha sabuni vimewashinda.

Ukutani, kumbe, kulikuwa na picha za wanyama: simbamarara, kangaruu, dubu mweupe. Okapi hayupo. Bonobo hayupo. Hao wawili porini hawapatikani katika nchi nyingine yoyote ila Kongo, na mtoto wa Kongo anarudi nyumbani akijua kangaruu ana mfuko. Pundamilia wa hifadhi ya Upemba, hapahapa Katanga yetu, hata kutajwa hawakutajwa.

Nilimwendea direkta wa shule kesho yake. "Papa Direkta, mliona mpango wa somo kabla ya kukusanya pesa?" Akaniambia: "Mama, watoto walifurahi, hakuna aliyeumia." Nikamwuliza kuhusu yule binti. Akatazama simu.

Ninachotaka si pesa ya picha, ingawa waliolipa wangerudishiwa. Nataka mwalimu wa sayansi arudi darasani afute maneno ya bundi mbele ya watoto walewale, na yule binti awepo. Nataka kabla ya safari nyingine tuoneshwe kwenye karatasi nini kitafundishwa na nani, na kuna maji au hakuna. Na mnyama aliyefungwa mdomo au kiuno, shule isilipe.

NYONGEZA (jioni): Wanaoniandikia "mama, kila mtu anajua bundi ni ndege mbaya," nimewasoma. Endeleeni. Anayeniuliza kama ni shule fulani ya Ruashi, sijibu. Lakini kama daftari la mwanao limeandikwa "watawaona na kuwagusa," usitie sahihi bado, weka hapa chini tarehe ya safari na darasa. Kamati ya wazazi wa kwetu inakutana Jumamosi baada ya misa ya asubuhi, nami nimeomba direkta awepo.