Tumelipa ada ya kujifunza mashine pepe Arusha, tukaishia kutazama projekta

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimesoma kozi ya kusimika na kusimamia mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) kwenye seva na kompyuta za mezani katika chuo kimoja hapa Arusha mjini, na nimetoka na cheti ambacho sioni haki ya kumwonyesha mwajiri. Chuo kilipokea ada yote kabla ya kipindi cha kwanza, kisha somo ambalo lote ni la vitendo likafundishwa kwa slaidi. Mwalimu aliunda mashine pepe moja kwenye kompyuta mpakato yake huku sisi tukitazama ukutani, na hayo ndiyo yakaitwa mafunzo kwa vitendo.

Kompyuta za maabara zilikuwa na RAM ya GB 4. Anayeijua kazi hii anaelewa kwamba Windows ikishachukua sehemu yake, kinachobaki hakitoshi kuendesha vizuri hata Windows Server moja ndani yake, sembuse mbili zinazotakiwa kuwasiliana. Lakini hata hicho kidogo hatukuachiwa, kwa sababu uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe ulikuwa umezimwa kwenye BIOS (programu ya mipangilio ya msingi inayowaka kabla ya Windows), na BIOS yenyewe imefungwa kwa nywila ambayo hakuna aliyekubali kuitoa. VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, ilipokataa kuwasha mashine, tukaambiwa kompyuta zimepitwa na wakati. Huo ni uongo. Intel ilianza kuuweka uwezo huo, VT-x, mwaka 2005, AMD ikafuata na AMD-V mwaka 2006, na kompyuta zile ni za Core i5, zilizotoka miaka kadhaa baadaye. Kilichohitajika ni mtu kuingia kwenye BIOS, kubadilisha mpangilio mmoja na kuwasha upya.

Tulipodai seva ya kufanyia mazoezi, jibu likawa kwamba leseni za VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, ni ghali. Ni kweli kwamba kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware, Novemba 2023, ilisitisha uuzaji wa leseni za kudumu na kuwaelekeza wateja kwenye malipo ya muda, jambo lililowaumiza wengi. Lakini tangu lini somo hili likawa la bidhaa moja? KVM, teknolojia ya kuendesha mashine pepe, imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu 2007, Proxmox VE iliyojengwa juu yake inapakuliwa bila malipo, na Hyper-V ya Microsoft, yenye kazi hiyo hiyo, imo kwenye Windows 11 Pro. Kompyuta moja ya mtumba yenye RAM ya GB 32 na diski ya SSD ingetosha darasa zima kupeana zamu za kuunda mashine, kuziunganisha kwenye mtandao, kuziharibu makusudi na kuzirudisha.

Jambo linalonikera kuliko yote ni maelezo tuliyopewa kuhusu snapshoti, yaani kumbukumbu ya hali ya mashine pepe kwa wakati fulani ili uweze kuirudia. Kitini chetu kinasema kwamba ukishachukua snapshoti, data yako iko salama. Haiko salama hata kidogo! Snapshoti huhifadhi mabadiliko yanayofuata kwenye faili jingine linalotegemea diski ile ile ya mwanzo, hivyo diski ikifa, vyote viwili vimekwenda. Ukiisahau kwa muda mrefu, faili hilo linaweza kukua hadi likajaza hifadhi na kusimamisha mashine zote zilizomo. Sasa mhitimu wa kozi hii anaajiriwa na kampuni ya utalii ambayo mfumo wake wa kupokea wageni na ule wa uhasibu vyote viko kwenye seva moja. Umeme unakatika wakati wa msimu, UPS (betri ya akiba) imechoka, diski inaharibika, naye anajibu kwamba alichukua snapshoti. Atafukuzwa yeye, na aliyemfundisha ataendelea kukusanya ada.

Kuhusu mitandao ya mashine pepe, mgawanyo wa RAM na mpangilio wa kuwaka upya baada ya umeme kurudi, hatukufundishwa chochote.

Tunachodai ni BIOS zifunguliwe, RAM iongezwe, kitini kirekebishwe na vipindi vya vitendo virudiwe bila malipo mapya. Barua kwa uongozi nimeshaiandaa. Aliyepitia kozi hii na yuko tayari kuweka sahihi anijulishe hapa, ili iwafikie kabla hawajapokea ada za kundi linalofuata.