Re: Gari la kila siku Nairobi, dizeli au petroli?

Kaka uliyeuliza juzi,

Karibu Nairobi. Huku foleni wanaiita jamu, utazoea. Unasema unakaa South B, kazi iko Upper Hill, na jirani kakushauri dizeli kwa kuwa hainywi. Hajakudanganya. Kwa kilomita zilezile dizeli hula mafuta machache, na huku juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi: petroli isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini, huhema milimani, dizeli yenye tabo haijali sana.

Ila gari lako litakimbia lini?

Magari ya dizeli ya siku hizi yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Likikaribia kujaa, gari huyachoma lenyewe, sharti ekzosi ipate moto wa kutosha, yaani uende mwendo mzuri bila kusimama robo saa hivi. South B hadi Upper Hill utaupata wapi?

Langu lilikuwa dizeli, safari zangu hizohizo. Mwezi wa nne taa ya chungwa ikawaka. Kuchungulia kijiti cha kupimia oili ya injini, oili imeongezeka! Kumbe kila gari linapojaribu kuchoma na kukatizwa, dizeli isiyoungua huchuruzikia humo. Fundi akataka kulitoboa chujio, "utasahau, madam." Nikakataa, moshi ule wanaouvuta ni watoto wetu. Basi kila Jumapili alfajiri nikawa nakwenda Thika na kurudi. Sina mgonjwa huko wala harusi, nachoma masizi tu. Akiba yote ya mafuta ya wiki ikawa inaishia Ruiru.

Na usipige hesabu ya miaka mitano kwa bei ya leo. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza mpya kila tarehe 14 ya mwezi.

Ungekuwa mtu wa kwenda Namanga, kule mpakani, kila wiki, ningesema chukua dizeli. Kwa njia yako, petroli. Mimi nimeshahamia.

Dada wa South B

---

Dada, shikamoo. Mbona mimi dizeli yangu mwaka wa sita, taa hiyo siijui?
Wa Kitengela

---

Marahaba. Shemeji, wewe unaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, Mombasa Road nyeupe. Saa hiyo sisi wa South B bado tunakoroma.