Mrejesho: wanafunzi kuunda programu za simu

Ahsanteni jamani. Niliuliza nitawafundishaje wanafunzi 32 wa kidato cha pili kuunda programu za simu kwa kompyuta 6, mkaniambia nianze na karatasi. Kweli! Kila kundi lilichora skrini zake kwa penseli, tukabishana vitufe vikae wapi, ndipo tukafungua App Inventor ya MIT, tovuti ya kuundia programu za simu kwa kupachika vipande vya maagizo badala ya kuandika msimbo. Vile vipande wamevishika upesi kuniliko.

Kundi la watoto wa Likoni limeunda kikokotoo cha nauli ya tuktuk. Ukiacha kisanduku kitupu ukabonyeza "Hesabu", kikokotoo kilikuwa kinagoma. Msichana mmoja akaongeza mwenyewe sharti la "kama" (kama kisanduku ni kitupu, usihesabu), wala sikumwelekeza.

Intaneti ikikatika, tunarudi kwenye penseli. Na simu ya kujaribia ni yangu, imejaa hadi nimehamisha picha za harusi ya dada.