Kocha aliyefungiwa kwa mamluki, tumchukue?

Katibu wa Kamati:
Assalam aleikum jamaa. Niko kwenye kamati ya michezo ya chuo kimoja hapa Mombasa, twatafuta kocha wa mpira wa kikapu. Aliyewazidi wenzake kwa vikombe ni bwana mmoja aliyefungiwa misimu miwili alipokuwa shule ya upili, kwa kuchezesha mamluki, watu wasio wanafunzi. Fainali ile niliiona kwa macho yangu. "Mwanafunzi wa kidato cha pili" kanyoa asubuhi, saa nane ndevu zishachomoza, na mkewe yuko pembeni mwa uwanja kambeba mtoto! Timu ikavuliwa ubingwa. Juzi kwenye usaili bwana kaja na albamu, na picha ya kombe lilo hilo imo, ukurasa wa kwanza. Mkuu wa chuo kashampenda. Mimi roho yasita. Mwasemaje?

Mzee wa Mikindani:
Mchukueni. Kocha Kelvin Sampson kule Marekani alifungiwa miaka mitano kwa kuwapigia simu vijana aliotaka kuwasajili, kinyume cha kanuni. 2025 kaifikisha Houston fainali ya vyuo, wakafungwa na Florida 65-63. Mngemkataa huyo?

Bi Tudor:
Mzee wangu, katikati umeparuka. Simu zilianzia chuo cha Oklahoma, zaidi ya 550. Indiana wakamchukua 2006 na habari wanazo. Akarudia yale yale, Februari 2008 akaondoka na dola 750,000 zake, na msimu uliofuata Indiana wakashinda mechi 6 kati ya 31. Waliobaki kuzomewa ni watoto. Houston walimpata 2014, adhabu keshaimaliza. Katibu, huyo wenu tangu afunguliwe kafundisha wapi, na nani alikuwa akimkagua?

Pointi Gadi:
Mimi ningetazama ulimi wake. Kocha Bruce Pearl pale chuo cha Tennessee hakuponzwa sana na nyama choma aliyomlisha nyumbani kwake kijana aliyetaka kumsajili, kinyume cha kanuni. Wachunguzi walimtolea picha iliyopigwa humo humo ndani, akawadanganya kuhusu mahali hapo. 2011 wakamfukuza. Katibu, muulize huyo bwana juu ya picha ya kombe, kisha unyamaze.

Katibu wa Kamati:
Nimempigia jana baada ya Isha. Nikamuuliza, kombe lile liko wapi siku hizi? Hata hakufikiri. "Liko nyumbani, juu ya friji. Waliandika barua tu, hakuna aliyekuja kulichukua."