Jiwe la Mreno mlangoni Fort Jesus: libaki au ling'olewe?

MwanaKuze: Mwajua juu ya mlango wa Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa, kuna jiwe la 1639 lenye maandishi ya Kireno? Kapteni Seixas de Cabreira ajisifu humo vile alivyowatia adabu watu wa Pate na Siyu, miji ya huko Lamu, mpaka akawavunjia kuta. Nasi twapita chini yake twapiga selfi. Mimi nasema ling'olewe, liwekwe ndani na maelezo ya Kiswahili. Mwasemaje?

Kisauni Finest: Historia haifutwi bro. Na ngome yote ni ya Vasco da Gama, utang'oa jiwe moja uache ukuta mzima?

MwanaKuze: Da Gama tena! Da Gama kapita 1498. Ngome imeanza kujengwa 1593, na mchoraji wa ramani yake ni Mtaliano, Cairati. Soma kwanza ndo uje ubishane.

Kisauni Finest: Haya profesa, sikujua kuna mtihani leo.

Bwana Nahodha: Mwagombania tarehe bure. Pointi ni kwamba Mreno alikuwa mkoloni, ndugu zetu wa Oman wakamtoa 1698, ngome ikarudi kwa wenyewe.

Ras Taita: "Ndugu zetu" 😂😂 Wenyewe gani? Akitoka huyu anaingia yule, mwananchi yuko pale pale chini. Au ukiswali nao hawahesabiki wakoloni?

Bwana Nahodha: Wewe mtu wa bara pwani umeijulia wapi? Mazrui, ule ukoo uliotawala hapa, walikuwa watu wa Mombasa, walikataa kumtii Seyyid Said, sultani wa Oman, mpaka alipowashinda 1837, hata 1824 wakakubali bendera ya Muingereza, yule kapteni Owen, ili tu Muscat, makao ya sultani, isiwaguse.

Ras Taita: Kumbe bendera ya Muingereza walipandisha wenyewe. Asante, sina la kuongeza.

Bwana Nahodha: Usinilishe maneno wewe!

Mama Kibokoni: Mwapigana na mmemsahau Yusuf bin Hassan. Babake kauliwa kwa fitina za Mreno, mtoto akapelekwa Goa, India, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme wa Mombasa wakidhani washamfuga, 1631 akaingia ngomeni na watu wake akamuua kapteni. Mreno kaja na meli kuitaka ngome yake, akashindwa. Huyo hakumngoja Muoman.

Kisauni Finest: Na alivyotoka hapo akawa haramia baharini mbona umeiruka hiyo? Wakristo aliowaua wengine walikuwa Waafrika weusi kama wewe.

Mama Kibokoni: Mwanangu, rangi yangu imeingiaje hapa? Ongea na mimi kama unavyoongea na mamako.

Ras Taita: Hata hiyo 1698 mnayoimba, mzingiro ulianza 1696, Wareno wakafa kwa maradhi, na kuna wakati walioishikilia ngome ni Waswahili, na Bwana Dau wa Faza, mji jirani wa Pate, akiwaongoza. Upande wa Mreno! Sasa niambieni "sisi" ni nani.

Bwana Nahodha: Faza wanajulikana. Msaliti ni msaliti.

Faza Original: Nilikuwa nasoma kimya lakini hapa umenigusa. Msaliti nani? 1587 Mreno alikuja Faza akachinja watu, minazi akaikata yote. Tunamjua kuliko wewe. Bwana Dau alikuwa na hesabu zake na Pate, na Pate walikuwa na Muoman, ulitaka awafungulie mlango adui zake?

Kisauni Finest: Jamani Muingereza aliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, waliolala kwenye zile seli ni babu zetu sisi makabwela. Hiyo hakuna anayeigombania juu hakuna ukoo wa kujisifia.

Bwana Nahodha: @Faza Original hesabu gani za kulinda bendera ya msalaba? Pate walikuwa na akili, nyinyi mlikuwa na kisirani.

Faza Original: Pate wana akili? Waliomkaribisha Muoman halafu baadaye wakapigana naye wenyewe? Ngoja nimwite mjomba wangu, huyu hajui anaongea na nani.