Shilingi 78,000, matundu mawili tu! Nani aliwaambia tunataka laptopu nyembamba?

Wakuu, leo nimekasirika na nitaandika mrefu. Asiye na muda apite.

Nina kibanda cha kazi za kompyuta hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Katikati ya wiki napiga chapa, naprinti, nasaidia watu na eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na marejesho ya kodi. Ijumaa na Jumamosi ni kazi ya matanga: picha, video na vile vijitabu vya ratiba ya mazishi. Wa huku mnajua matanga yetu si mchezo. Kijitabu kisipokuwa na picha za marehemu tangu ubatizo hadi siku ya kustaafu, ukoo mzima utakusema mpaka matanga mengine.

Mwezi uliopita nikanunua laptopu mpya. Si ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, mpya kabisa, na nailoni yake. Elfu sabini na nane. Nyembamba kama sinia ya chai. Kufika nyumbani nikaigeuza huku na huku: kushoto matundu mawili ya USB-C, yale madogo kama ya chaja za simu mpya, kulia tundu la earphone. Basi. Nikapapasa pembeni kwa kucha nikidhani kuna kifuniko sijakifungua. Hakuna. Kampuni sitaitaja, maana nimezunguka maduka na zote zinafuata mtindo huo huo.

Kilichonifanya niandike ni Ijumaa iliyopita.

Kuna mzee, mwalimu mstaafu, amefiwa na mkewe. Maiti inatoka mochari saa nane, msafara unaelekea Siaya. Ameniletea flashi yenye picha za zamani, nami nina kadi ya kamera ya ibada ya asubuhi ambayo alitaka picha mbili tatu zake ziingie ukurasa wa nyuma. Sasa hesabuni nami: chaja, flashi, kadi, printa, mausi. Vitu vitano. Matundu mawili, na moja limeshachukuliwa na chaja kwa sababu betri ilikuwa asilimia tisa.

Kwa hiyo kila kitu kinaning'inia kwenye habu, kale kadude ka kuongeza matundu nilikonunua 2,500 juu ya zile 78,000. Kana mkia mfupi kama wa mbuzi. Kakifanya kazi dakika kumi kanapata moto, huwezi kukashika. Na kakisogezwa hata unywele mmoja, kanaachia.

Kijana wangu akapita nyuma yangu kuchukua rimu ya karatasi. Hakuigusa meza, aligusa kebo ya printa. Nikasikia ule mlio wa kitu kuchomoka. Printa ikasimama katikati ya ukurasa wa sita, sura ya mama wa watu imekatika kwenye paji la uso. Flashi ikapotea. Kadi ndiyo ilinitoa jasho: niliporudisha, Windows ikaniuliza kama nataka kuifomati, yaani kuifuta yote. Kuifomati! Picha za ibada nzima ziko mle, na mtu harudishwi jenezani akapigwa upya.

Mzee amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Binti yangu, gari linaningoja." Hakupandisha hata sauti. Afadhali angenitukana.

Nikakimbia na kadi kwa jirani anayeuza vipuri vya pikipiki. Ana laptopu kuukuu, nene kama tofali, bawaba moja imefungwa kwa waya. Ina tundu la kadi ubavuni. Nikaisukuma, ikaingia klik, picha zote zikafunguka. Nikazikopi kwenye flashi nikarudi mbio. Vijitabu vya mwisho vilikunjwa ndani ya matatu na wajukuu, wino haujakauka vizuri.

Kwa hiyo mashine ya kuandikia bei za plagi na breki iliokoa kazi ambayo mashine yangu ya elfu sabini na nane ilishindwa.

Kabla hamjaniuliza kwa nini niliacha ya zamani: ilikuwa na kila kitu, USB tatu, HDMI (tundu la kupeleka picha kwenye skrini au projekta), tundu la kadi, tundu la waya wa intaneti, namba upande wa kulia. Lakini Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 ikaikataa prosesa yake. Nafanya kazi za kodi za watu, naingiza nywila za watu, siwezi kukaa na mashine isiyopata masasisho ya usalama. Nikasukumwa sokoni, na sokoni nikakutana na sinia.

Sasa mtu asije hapa kuniambia siyapendi maendeleo. USB-C naikubali. Inaingia pande zote mbili, na stima ikipotea nachaji laptopu kwa pawabanki ile ile ya simu, kitu ambacho chaja ya zamani ya kipini haikuweza. Umoja wa Ulaya wameifanya sheria, simu tangu Desemba 2024 na laptopu tangu Aprili 2026, na wamefanya vizuri. Waiweke. Lakini kuongeza tundu jipya na kufukuza ya zamani ni mambo mawili tofauti! USB ile ya mstatili imekuwepo tangu 1996. Flashi za wateja wangu wote ni hiyo. Printa, mausi, mashine ya kuskani barakodi, ni hiyo. Mteja akitoka Ahero na flashi shingoni nimwambie nini, arudi nyumbani akaibadilishe kichwa?

Na hizo USB-C zenyewe ni kitendawili. Kwa macho ni mapacha. Lakini kuna inayopitisha megabiti 480 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000, na kuna inayopitisha gigabiti 40. Kuna inayotoa picha kwenda kwenye skrini na isiyotoa. Kuna inayochaji na isiyochaji. Yangu moja inatoa picha, nyingine haitoi, na pembeni hakuna alama yoyote. Niliijua siku nimesimama mbele ya ukumbi uliojaa watu, nachomeka huku na kule kama mtu anayetafuta funguo ya mlango gizani. Muuzaji nilipomuuliza aliniambia, "Zote ni Type-C, madam." Asante sana.

Projekta nazo. Kumbi nyingi za shule na makanisa ya huku bado zina VGA, lile tundu la pini 15 lenye skrubu mbili, la IBM, mwaka 1987. Silidai hilo. Tangu mwisho wa 2010 watengeneza prosesa Intel na AMD walishatangaza wataliacha, na mtu akiwa na HDMI anabeba kigeuzi kidogo maisha yanaendelea. Naomba HDMI tu. Kubwa? Hata si kubwa.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni la ufundi. Laptopu za zamani, tundu la chaja mara nyingi lilikuwa na kikebo chake. Likilegea, fundi anafungua, anachomoa, anaweka jingine, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hizi mpya nyingi, USB-C imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Na tundu hilo hilo moja ndilo unalichomeka chaja asubuhi, habu mchana, projekta jioni. Litaacha kulegea? Fundi wangu pale mjini aliitazama yangu chini ya lenzi, akanirudishia akacheka kidogo. "Hii ikiharibika usiniletee, niletee pole."

Na msiniambie haiwezekani kurudisha. Apple mwaka 2016 waliondoa HDMI, tundu la kadi na USB ya kawaida kwenye MacBook Pro, wakabakiza USB-C na tundu la earphone tu. Zile zenye ukanda wa kugusa wakaziondolea hata kitufe cha Esc. Watu wakalia miaka. Esc ikarudi 2019, HDMI na tundu la kadi vikarudi 2021. Hakuna aliyeomba radhi, lakini vilirudi. Kampuni ya Framework ya Marekani tangu 2021 wanatengeneza laptopu ambayo matundu unachagua mwenyewe: leo unachomeka kipande cha HDMI, kesho unakitoa unaweka cha kadi. Hapa Kisumu sijaiona, ila inaonyesha ni suala la kutaka tu.

Haya, kibodi. Hapa ndipo nalia kabisa.

Wiki iliyopita nimeingiza orodha ya michango ya mazishi, majina 214, kila jina na pesa yake. Zamani mkono wa kulia ulikuwa unakaa kwenye zile namba za pembeni bila kuangalia. Kidole cha kati kinatafuta kile kipele kilicho juu ya 5, kama vile vya F na J, na kikishakipata mkono unatembea wenyewe: 500, 1,000, 200, Enter, Enter. Macho yanabaki kwenye karatasi. Sasa namba ziko mstari wa juu peke yake. Macho karatasini, macho kibodini, macho skrini. Nikamwandikia mama mmoja 5,000 badala ya 500. Mnajua maana yake kijijini? Jumapili ilisomwa kwa spika, watu wakampigia makofi, naye akabaki ameduwaa. Nililazimika kupiga simu kwa mweka hazina na kujieleza kama mwizi.

Mishale ya juu na chini wameiminya nusu nusu, imekuwa kama punje mbili za mahindi. Home na End zimefichwa chini ya Fn. Na aliyeweka kitufe cha kuwasha jirani kabisa na Delete, yeye huwa hafuti kitu? Nafuta herufi moja, skrini inazima. Mteja ananitazama, mimi naitazama skrini, sote tunasubiri.

Halafu kuna hiki kitufe cha Copilot, msaidizi wa akili bandia wa Microsoft. Januari 2024 Microsoft walitangaza kitufe kipya, na kwenye yangu kimekaa pale pale palipokuwa na Ctrl ya kulia. Kidole changu kimezoea Ctrl hapo, nikitaka kuruka neno zima kwa mshale. Sasa kila nikiruka, dirisha linafunguka kuniuliza linisaidie nini. Linisaidie kunirudishia Ctrl yangu! Nilijaribu kukibadilisha kazi nikakuta hata hakitumi ishara moja. Kinatuma Windows, Shift na F23 kwa pamoja. F23, jamani. Kibodi yangu inaishia F12.

(Wenye ex-UK najua mnacheka, ila nanyi mna yenu. Kibodi ya Uingereza ina @ pale ambapo Mmarekani ana alama ya kunukuu. Windows ikiwekwa ya Kimarekani juu yake, mteja anabonyeza @ inatoka alama ya kunukuu, anapandisha sauti kwamba nimemfungia barua pepe. Nimebandika kijikaratasi juu ya mashine moja hapa kueleza, na bado hawasomi.)

Taa ya chini ya kibodi ndiyo pekee waliyonipa, nayo naishukuru stima inapokatika. Ingawa usiku wa msimu wa wadudu wa ziwani, ukiiwasha karibu na dirisha, asubuhi unapangusa vifo kati ya Q na P.

Nyongeza, saa tatu usiku

Nimesoma majibu. Wachache nitawajibu.

Uliyesema "hamisha kazi zote mtandaoni, nani bado anatumia flashi": ndugu yangu, njoo ukae kibandani siku moja. Nina video ya gigabaiti 60 ya mazishi, familia iko Bondo ndani, wewe unataka niipakie kwa bando ya nani?

Uliyesema nisome maelezo kabla ya kununua: hapo umenishika. Sikuyasoma yote, nilitazama RAM na SSD kama kila mtu. Lakini sanduku lilikuwa limeandikwa kasi ya prosesa kwa herufi kubwa, na matundu yaliandikwa chini kabisa, herufi za sisimizi.

Wa Nakuru uliyesema ninunue habu nzuri yenye umeme wake: bei yake ni ngapi huko? Na ukishaninunulisha habu yenye umeme wake, kibodi ya namba ya pembeni na mausi, huo wembamba nimebaki nao wapi? Begi langu sasa ni zito kuliko la ile mashine ya tofali.

Na uliyesema nirudi ex-UK zenye prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, zinazokubali Windows 11, za inchi 15 zenye namba pembeni: ninyi wawili mmesema hivyo na nadhani ndiko nakoelekea. Mwenye nayo, iwe na tundu la kadi kamili, si lile la microSD, na HDMI, na USB za kawaida angalau mbili. Betri mbovu haina neno, nitabadilisha. Yangu ina mwezi mmoja na wiki, haina mkwaruzo, nailoni bado iko. Tubadilishane na uniongezee kidogo. Tuonane mjini mchana, uje na flashi yako tuijaribu. Habu nakupa bure.